Kazi Huanzia Kitakoni

Katika karakana ya baba mdogo, jeneza lilianzia chini. Mafundi wengine wa Mwanza walianza na mbavu, au na mfuniko, kwa kuwa ndio unaoonekana na ndio mteja anaoupapasa. Yeye hakugusa ubao mwingine wowote kabla kitako hakijakamilika: mbao mbili za inchi moja zilizoungwa kwa gundi, na chini yake vibao vitatu vya kukingama, kimoja usawa wa mabega, kimoja kiunoni, kimoja miguuni, vyote vimefungwa kwa skrubu. Gundi ikishakauka alikilaza kitako juu ya matofali mawili, akapanda na viatu vyake, akasimama katikati akijirusharusha kama mtu anayejaribu kitanda cha gesti. Kikilia, kilibomolewa. Sisi vijana tulimwambia mara nyingi kwamba hakuna mteja aliyewahi kuinama kutazama chini ya jeneza. Alitujibu kuwa wanaonunua sio wanaobeba, akaendelea na kazi yake.

Karakana ilikuwa chini ya kilima cha Bugando, palepale inapopita njia ya kwenda hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Baba mdogo alianza na vitanda na makabati. Kilichomgeuza ni UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa ng'ambo ya ziwa waliletwa Mwanza kutibiwa, na wengine walirudi kwao kwa meli wakiwa ndani ya mbao. Nilipoanza kufanya naye kazi, kwanza likizo za shule na kisha moja kwa moja baada ya kidato cha nne, oda ya kitanda ilikuwa imekuwa nadra kiasi kwamba ikija tuligombania kuishika.

Vipimo vya jeneza vilikuja kwa kamba. Jamaa wawili wa marehemu, mara nyingi wanaume waliokesha, waliingia wakiwa wameshika kamba ya katani yenye mafundo: fundo hadi fundo ni urefu, fundo la tatu ni mabega. Wengine walikuja mikono mitupu. "Alikuwa mrefu kama huyu," walisema, wakaninyooshea kidole. Kijana wa miaka kumi na minane anayenyooshewa kidole cha namna hiyo hujifunza upesi kusimama wima, kunyamaza na kumwachia fundi mkuu apime. Baba mdogo alinipima kweli, kichwa hadi kisigino, akaongeza inchi mbili.

Siku hizo umbo lilikuwa moja tu, la pembe sita: jembamba kichwani, pana mabegani, jembamba tena miguuni. Watu hudhani ubavu wa jeneza hilo ni vipande viwili vilivyounganishwa begani. Kwa fundi mvivu ni hivyo. Kwetu ulikuwa ubao mmoja, na ilibidi upinde bila kuvunjika. Unaanza na msumeno wa meno madogo. Upande wa ndani, pale panapokuja bega, unapiga mikato mitano au sita iliyo sambamba, kila mmoja ukila theluthi mbili za unene. Ukizidisha, ubao unakatika mikononi. Ukipunguza, unapasuka kwa nje, mahali penye kuonekana. Kisha birika la maji yanayochemka. Unayamwaga polepole juu ya mikato, unasubiri mbao zinywe, unauegemeza ubao kwenye kitako na kuusukuma kwa goti huku mwenzako akipiga misumari. Mikato inafumbana ndani, na kwa nje unabaki na kona safi. Paini iliyotoka Sao Hill ilipinda kwa hiari. Mninga ulikuwa na kiburi chake, na ulipindwa kwa ajili ya wenye fedha tu.

Taka za kazi hazikutupwa. Juu ya kitako tulitandika nailoni, juu ya nailoni tukamwaga unga wa mbao wa kunyonya maji, ndipo kikaja kitambaa cheupe. Mto ulijazwa maranda yaliyotoka kwenye randa. Mfanyabiashara aliyezikwa ndani ya mninga na mkulima aliyezikwa ndani ya paini walilalia fagio la karakana ileile.

Adabu za dukani zilikuwa kali kuliko za mbao. Mteja alipewa pole, akapewa kiti, akaachwa avute pumzi kabla bei haijatajwa. Bei ilitajwa mara moja tu. Baba mdogo aliona ni aibu kupatana na mtu aliyefiwa, kwa hiyo alianzia pale ambapo wengine waliishia. Lakini wafiwa wetu walikuwa watu wa soko. Hata katika machozi waliomba punguzo. Hapo alikuwa na dawa yake: hakupunguza bei, aliongeza mikono. Badala ya mikono minne ya chuma walipata sita, imepenyezwa ubavuni kwa boliti na kukazwa kwa nati kwa ndani, si ile ya kubandika kwa misumari midogo. Mteja aliondoka akijiona ameshinda, na jeneza liliondoka likiwa rahisi zaidi kubeba. Kusema "karibu tena" ilikuwa marufuku, na kijana mgeni aliyeropoka hivyo mbele ya mjane alipelekwa kupiga msasa wiki nzima.

Majeneza yaliyokwisha kuundwa yalifichwa nyuma ya turubai. Kuyapanga barabarani, kwa maoni ya baba mdogo, kulikuwa sawa na kuita kifo. Nilikubaliana naye kwa miaka mingi. Sasa sikubaliani. Leo ukipita karibu na hospitali yoyote kubwa nchini unayakuta nje, yanang'aa kwa vanishi, bei zimebandikwa, na nimeona faida yake: mtu aliyetoka kupewa habari mbaya anaweza kutazama kwa mbali, kulinganisha na kuondoka bila kumtazama muuzaji machoni. Turubai lilituhifadhi sisi haya yetu kuliko lilivyomhifadhi mteja.

Kuhusu kitako, nilisadiki siku moja Sengerema. Enzi hizo hakukuwa na daraja. Ulivuka kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, ukasubiri foleni, kisha barabara ya vumbi. Tulikwenda kama ndugu wa mfiwa, si kama mafundi, na jeneza halikuwa letu. Lilikuwa zuri mno: mfuniko wenye nakshi, rangi iliyopigwa mara tatu, lasi pembeni. Lilifungwa juu ya pikapu na kuruka na mashimo kutwa nzima. Makaburini wanaume sita walipitisha kamba mbili chini yake, wakaanza kushusha. Yule aliyeshika kamba ya miguuni aligundua wa kwanza. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijasikia kitu. Misumari ya kitako ilikuwa inatoka mmoja mmoja. Padri aliacha kusoma. Shangazi wa marehemu alivua kanga yake ya juu akairusha kwa wanaume bila kusema neno, nao wakaipitisha chini, wakamshusha mtu wao kwa mikono, huku jeneza zuri likifuata kama kifuniko. Tuliporudi baba mdogo hakusema "nilikwambieni." Keshoyake aliongeza skrubu mbili kwa kila kibao.

Halafu ikaja Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Siku hiyo waliomo walikuwa wengi kupita kiasi hicho, na wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha yoyote. Mamia walikufa. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Kwetu sisi wa karakana, maombolezo yalikuwa sauti ya misumeno, maana kila mwenye msumeno mjini alikuwa macho.

Jioni ya kwanza hatukuletewa kamba yenye mafundo. Tuliletewa idadi. Baba mdogo alikaa juu ya gogo, akavuta sigara, kisha akaanza kuondoa vitu. Vanishi iliondoka kwanza. Kisha kitambaa na lasi, maana duka la vitambaa lilikuwa limekwisha kuuza kila kipande cheupe. Kisha nakshi za mfuniko. Saa nne za usiku, chini ya taa ya karabai, akayaondoa mabega. Kupinda ubavu kunakula muda na maji ya moto. Sanduku la pembe nne halitaki birika. Tukaunda masanduku ya vipimo vitatu, cha mtu mzima, cha kijana, cha mtoto, na kile cha mwisho hakuna aliyependa kukishika, tukawa tunapokezana bila kuambiana.

Kitako hakukigusa. Vibao vitatu vilibaki, skrubu zilibaki, na kila kimoja alikipanda kwa viatu, saa nane ya usiku, macho yamemwiva. Mmoja wetu alimkumbusha kwamba haya yanakwenda Igoma, mwendo mfupi kwa lori, hayatavuka kivuko wala kupita barabara mbovu. Alisema: "Wanaobeba wamebeba tangu asubuhi. Usimwongezee mzigo mtu aliyechoka." Wengi wa wasiotambuliwa na ndugu zao walizikwa Igoma, na makaburi yao yapo hadi leo.

Usingizi uliporudi, nilianza kufikiria ule mpangilio. Mtu aliyekuwa akiondoa kitu kimoja baada ya kingine, bila nafasi ya kuremba, alikuwa ameniandikia jeneza ni nini, kuanzia lisilo la lazima hadi la lazima. Mwisho wa orodha yake kulikuwa na ubao wa kulalia na mahali pa kushika. Chombo cha kubebea. Vingine vyote tulivyokuwa tukivitolea jasho vilikuwa vya macho, na macho yanastahili kupewa kitu siku ya msiba, sikatai. Ila nilianza kumtambua fundi kwa jinsi alivyogawa fedha ya mteja kati ya hayo mawili.

Kichekesho kilikuja miaka michache baadaye. Sanduku la pembe nne, lile la dharura, lilirudi mjini likiwa bibi harusi. Lilikuwa na vanishi ya kioo, mfuniko wa mbinuko uliokatwa mara mbili ili sehemu ya kichwa ifunguke peke yake, mikono ya plastiki yenye rangi ya dhahabu na dirisha la kuagia. Kibao cha mshindani wetu kiliandikwa kwa Kiingereza: coffins and caskets. Wateja wakaanza kuuliza "lile la kisasa, la boksi, sio lile la zamani." Halina bega la kupinda, halitaki birika, kijana wa miezi mitatu analiweza, na liliuzwa ghali kuliko la pembe sita. Baba mdogo aliposikia bei alicheka hadi akakalia maranda.

Baadaye nilisoma kwamba hata huko lilikotoka lilichekwa. Casket kwa Kiingereza lilikuwa kisanduku cha vito. Wauzaji wa Marekani waliliazima katikati ya karne ya 19, walipoacha umbo la mabega linalomkumbusha mtazamaji mwili uliomo na kuchukua la mstatili. Mwandishi wao Nathaniel Hawthorne alilalamikia neno hilo mwaka 1863, katika kitabu alichoandika kuhusu Uingereza; aliona linazidi kumkinaisha na kuzikwa. Karne moja baadaye, mwaka 1963, Jessica Mitford alichapisha kitabu cha kuumbua biashara ya mazishi ya Marekani, na mwaka 1984 ikaanza kutumika kanuni ya serikali ya shirikisho inayomlazimu mwenye nyumba ya mazishi kumpa mteja orodha ya bei, kitu kwa kitu, na kumruhusu aje na jeneza alilonunua kwingine. Bei iliyotajwa mara moja, mteja akiwa amekaa. Baba mdogo angeidhinisha.

Dirisha la kioo nalipa haki yake. Sikulipenda, na bado silipendi kwa sababu za kifundi: unakata mfuniko mahali palipohitaji nguvu. Lakini nimesimama kwenye foleni za kuaga nikaona mtu akifika pale, akatazama, na mabega yake yakashuka. Alikuwa hajaamini hadi hapo. Kwa hiyo nikiulizwa husema wawekee kioo, mradi pembeni mwake paimarishwe.

Dar es Salaam ilinionyesha upande mwingine. Nilipanga Magomeni, kwa mzee mmoja mwenyeji wa Kilwa, Muislamu, mwenye ukali wa kodi na upole wa kila kitu kingine. Alifariki kabla ya alfajiri. Kabla sijanywa chai, mwanawe alikuwa mlangoni kwangu: "Kaka fundi, tunaomba utukatie viunza." Nilipeleka mbao uani, nikaziweka juu ya meza, nikaanza kuzipiga randa kwa sababu mkono ulizoea hivyo. Mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa amekaa barazani alininyooshea bakora. "Mwanangu, wacha randa. Tukatie urefu huu, na zisiwe na ufa." Basi. Hakukuwa na swali jingine kuhusu mbao.

Jeneza lilitoka msikitini. Lilikuwa la mti wa kale, limefunikwa kitambaa cha kijani, na ndani yake mzee alilazwa akiwa katika sanda tatu za bafta. Niliinama kutazama chini yake, siwezi kujizuia. Vibao vya kukingama vilikuwepo, vinne, na mipini mirefu ya kubebea ilikuwa imelainika kwa mabega ya watu, pasipo tone la vanishi. Tulibeba kwa kupokezana. Hukai mbele muda mrefu. Unasukumwa taratibu kurudi nyuma na mwingine anachukua nafasi. Mwanamume mmoja alishuka kwenye daladala na mfuko wake wa nyanya, akaupachika mkononi, akatia bega hatua kadhaa, akajitoa, akarudi kituoni kusubiri gari jingine. Hakumjua marehemu. Makaburini mzee alitolewa jenezani, akawekwa ndani ya mwanandani uliochimbwa upande wa kibla, viunza vyangu vikaegemezwa kumfunika, juu yake mkeka, kisha udongo. Jeneza likarudi msikitini kumsubiri mwingine. Baada ya miaka yote ile ya kuuza majeneza, nilikuwa nimeona jeneza likifanya kazi yake yote bila kuuzwa.

Wakristo wenzangu huniambia hayo ni ya dini ile tu. Sio kweli. Katika Uingereza ya zamani, mtu wa kawaida alizikwa hivyo hivyo: kanisa la mtaa lilikuwa na jeneza moja la wote, lililompeleka marehemu hadi shimoni na kurudi tupu, yeye akabaki na sanda. Kanisa la Easingwold, huko Yorkshire, bado limehifadhi la kwake. Kilichowashughulisha watawala kilikuwa sanda. Bunge lilitunga sheria kuanzia mwaka 1666 kwamba wafu wavikwe sufu ya Kiingereza pekee, kulinda biashara ya wafugaji na wafumaji, na waliokaidi walitozwa pauni 5. Matajiri walilipa faini wakazikwa na kitani chao. Sheria ilifutwa mwaka 1814, na kufikia hapo jeneza la mtu binafsi lilikuwa limekwisha kuwa jambo la kawaida, kila mtu na lake, hata kwa mkopo.

Anayenivutia zaidi ni Mfalme Mkuu Josef wa Pili wa Austria. Mwaka 1784 aliamuru raia wake wazikwe ndani ya mifuko ya kitani, wakiwa wamepelekwa kwa jeneza la kurudiwa lenye kitako cha mlango: likifika juu ya kaburi, unavuta kamba, bawaba zinafunguka, maiti anashuka, jeneza linarudi. Alitaka kuokoa mbao na kuharakisha kuoza. Kama fundi, natamani kulishika lile jeneza. Ningependa kujua bawaba zilifungwa kwa nini na zilistahimili uzito gani. Kama mtu aliyesimama Sengerema, najua kwa nini watu wa Vienna walikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1785 mfalme aliondoa amri yake. Kimahesabu alikuwa sahihi, na Magomeni wanafanya karibu jambo lilelile kila siku. Lakini Magomeni mtu anapokelewa kwa mikono ya wanawe walioshuka kaburini kumsubiri. Jeneza la mfalme liliweka mlango mahali pa mikono hiyo.

Siku hizi nakula kwa kalamu, sio kwa randa, lakini ukoo haujasahau. Kikao cha msiba kikifika kwenye jeneza, macho hunigeukia. Daftari la rambirambi liko mezani, mwenyekiti amekwisha gawa mafungu ya basi, chakula, turubai na sare, na kila fungu limepita kwa amani. Kwenye jeneza ndipo watu husimama. Kaka mkubwa anataka la boksi lenye kioo kwa sababu wakwe watakuwepo. Dada anakumbusha kwamba kuna watoto wa shule. Mimi nimekaa vikao vya kutosha kujua kwamba hawabishani kuhusu mbao. Kila mmoja ana deni lake kwa marehemu na analipia hapo.

Waliowahi kunifundisha jinsi ya kulipa deni hilo vizuri ni familia moja ya Kihaya, enzi za Mwanza. Walinunua paini ya bei ya chini kabisa, bila haya, kisha wakaniomba nisitandike kitambaa. Walikuwa wamekuja na chao: gome la mti lililopondwa hadi likawa laini, la rangi ya udongo mwekundu, kama lile ambalo Waganda huliita lubugo. Bibi yao alikuwa amelitunza kabatini kwa ajili hiyo. Kabla mbao hazijafika kwao, watu walizikwa wamefungwa humo. Walilitandika wenyewe, wakalikunja kingo kwa ndani, na kazi yangu ikawa kushikilia taa.

Kwenye kikao cha karibuni, shemeji yangu mmoja Mkatoliki alileta ushahidi mzito. Papa Fransisko, alisema, alibadili taratibu mwaka 2024 akaacha yale majeneza matatu ya mapapa, la mvinje, la risasi na la mti mgumu, yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Na Aprili 2025 akazikwa ndani ya moja tu, la mbao lenye zinki kwa ndani, katika Kanisa la Maria Maggiore. Kama Papa ametosheka na moja la kawaida, sisi ni nani? Kukawa kimya. Kisha mjomba kutoka kona akajibu, "Papa hakuwa na wakwe." Likanunuliwa la boksi, lenye kioo.

Nilikwenda nao dukani. Muuzaji alitufungulia mfuniko, akatuonyesha satini, akapiga ubavu kwa kiganja. Nikapiga magoti. Hawapendi wauzaji, mtu akipiga magoti. Wanajua anatafuta nini. Chini yake kulikuwa na plaiwudi iliyopigiliwa misumari, bila kibao hata kimoja cha kukingama. Nikamwomba aongeze vitatu, kwa skrubu, na fedha ya mikono ya dhahabu aigeuze kuwa mikono ya chuma. Alinitazama, akauliza, "Wewe ni fundi?" Akaita kijana wake na drili, kazi ikaisha kabla soda hazijamalizika.

Mke wangu na wanangu wanajua langu linavyotakiwa kuwa: paini, pembe sita, bega la ubao mmoja, bila kioo. Nitazikwa Misungwi, na kutoka Dar ni safari ya kutwa na usiku, kwa hiyo kuhusu kitako na boliti hatukubishana. Kioo ndicho kinachotushinda. Mke wangu anasema mimi wakati huo nitakuwa nimelala, na atakayesimama mbele ya watu ni yeye. Tumeliacha hapo kwanza, kwa kuwa kuna tatizo jingine: kila fundi niliyemuuliza Dar kuhusu kupinda bega kwa maji ya moto amenionyesha boksi.